Zimwi Lililopunguzwa

Siku hizo hakuna adui aliyeruhusiwa kuingia kwenye mchezo wa mezani kabla kipimo cha nyumba, mashine iliyowafuatilia wote waliokaa humo, hakijamlinganisha na wachezaji. Kipimo kiliwajua wote: usingizi wao, mapigo ya mioyo, hata wepesi wao wa kukumbuka, na kilimpima adui kwa aliye dhaifu kuliko wote.

Jumamosi mchana Mwanamvua alitunga mchezo wa familia, akaliweka zimwi lilelile la wiki iliyopita. Kipimo kikakataa.

"Adui amewazidi. Mpunguze nguvu kwa nusu."

Alishangaa, maana wiki iliyopita zimwi hilo liliwatosha. Akamwondoa binti yao Saumu kwenye orodha; jibu likawa lilelile. Akamrudisha, akamwondoa mumewe, Kombo.

"Adui anafaa."

Akatoka kumtafuta. Kombo alikuwa barazani akisikiliza redio na kupiga mluzi.

"Baba Saumu, u mzima?"

"Mzima wa afya. Kwani vipi?"

Alirudi ndani akalipunguza zimwi, kisha akawaita mezani. Kombo alirusha dadu mara mbili tu, zimwi likafa kabla Saumu hajapata zamu. Saumu akapiga makofi, lakini baba yake hakucheka.

"Mbona umelipunguza, mama Saumu?"

"Kipimo ndicho kilichotaka."

"Kwa ajili ya nani?"

Mwanamvua akamtazama binti yao. "Kwa ajili ya mtoto."

Kombo akaziokota dadu moja moja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, na Mwanamvua hakuweza kukumbuka ulianza lini kulala hivyo.