Sivii ya Saba

Felista aliipiga meza ya Afisa Utumishi kwa kiganja, kikombe kikaruka na chai ikamwagikia makaratasi.

"Sivii saba!" alifoka. "Saba, miaka miwili, na hata mstari mmoja wa kunikataa hamjaniandikia! Kwani sisi wa Lupepo si watu?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai!"

Angekaaje? Alikuwa ametoka Lupepo kwa miguu tangu alfajiri, mvua ikimnyeshea njia nzima, na amefura kama andazi. Tangu kiwanda cha chai kiuzwe kwa mwekezaji, barua ya kuomba kazi iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa si kitu tena. Wenyewe walitaka sivii, tena iliyopigwa taipu. Haya, wakaletewa. Felista alikuwa na daraja la pili la kidato cha nne na cheti cha uhazili, na alichotaka duniani ni ukarani humo ndani. Lakini wapi! Majani aliyochuma kwenye kishamba cha mama yake yaliingia kiwandani kila wiki kwa lori, yeye hajawahi hata kupita getini.

Asingekuwa baba yake mdogo, angeshakata tamaa zamani. Mwalimu Hezron, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa na taipureta ya shule na sanduku la posta pale Tukuyu. Kila sivii aliichapa yeye, akaipeleka kiwandani yeye. Hata vyeti halisi alivitunza yeye, maana nyumba ya kina Felista ilivuja.

Na ualimu haukumtoka. Tangu ya kwanza alikataa katakata isibandikwe picha. "Wanatafuta karani, hawatafuti mchumba!" Ya kwanza ilipokosa jibu, akasema ilikuwa ndefu mno. Ya pili ikawa fupi mno. Ya tatu, eti Felista ameanza na shule ya msingi badala ya kuanza na sifa ya karibuni. Ya nne, ya tano, ya sita, kila moja na kasoro yake, na kila mara Felista alikaa chini akaiandika upya.

Jana, aliposema sasa atakwenda mwenyewe, baba mdogo alikuja juu.

"Utaharibu kwa hasira zako! Mwangalie Hellen wangu. Alipata sifuri, akaenda zake Mbeya kushona nguo. Umewahi kumsikia akilalamika?"

Felista aliitikia kwa heshima. Leo ameondoka bila kumuaga.

"Jina lako nani?" Afisa aliuliza, akipangusa chai kwa leso.

"Felista Amoni! Sanduku la posta mia nne kumi na mbili, Tukuyu! Au hata hilo hujapata kulisoma?"

Mkono wa Afisa ukasimama.

"Hebu rudia."

Akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mashine.

Afisa alifungua kabati, akatoa jalada na kulilaza mezani. Ndani ilikuwa ile sivii ya kwanza, ile iliyosemwa ndefu, kila neno la Felista mahali pake, na nakala za vyeti vyake zimebanwa nyuma. Juu yake palikuwa na mhuri mwekundu: AJIRIWE.

"Nimepokea moja tu," alisema polepole. "Na ilinitosha. Sijapata kuletewa sivii nzuri kama hii."

Hasira yote ilimtoka Felista mara moja. Sasa alikaa, tena bila kuambiwa, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe mlinichukua!" alisema. "Mungu wangu, kumbe barua yenu ndiyo iliyopotea! Miaka miwili nawatukana bure. Nisamehe, kaka yangu. Naweza kuanza hata leo."

Afisa alikuwa ameshageukia mlango wa ofisi ya pili, na sauti yake sasa ilikuwa kali.

"Felista! Njoo hapa mara moja!"

"Naam, bosi!" mtu aliitikia kutoka ndani, na mlangoni, kalamu sikioni, akatokea Hellen.