Sauti za Nyumbani Kwenu

Mzee alijifungia bafuni, akaketi juu ya kifuniko cha choo, akaegemeza simu kwenye kopo la sabuni. Akachomeka vispika masikioni. Kamera aliizima, kama kawaida. Maikrofoni nayo vilevile. Mwanzoni mwa kozi aliwaandikia wenzake kwamba ya kwake imekufa, na hakuna aliyemuuliza tena.

Maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti, kwa hiyo nafasi finyu haikumsumbua. Kilichomsumbua leo ni moyo. Ulikuwa ukimwenda mbio, maana ilikuwa zamu ya utunzi wake kusikilizwa.

Kozi yenyewe ilikuwa ya bure, ya mtandaoni, kila Jumamosi jioni: kutunga muziki kwa simu. Hakuwa mtu wa muziki. Hata mbinja alipiga ovyo. Lakini tangu mkewe afariki nyumba ilipoa, na Mwalimu alikuwa na sauti ya mtu anayekusemesha wewe peke yako. Alimfundisha kurekodi, kukata kipande, kukirudiarudia mpaka kikawa mapigo, kupunguza kasi ya sauti hadi ikageuka kitu kingine kabisa. Siku nyingine mzee alijikuta akitamani Jumamosi tangu Jumapili.

"Leo ni zamu ya ndugu yetu anayejiita Sikio," Mwalimu alisema. "Niliwaagiza mtunge kwa sauti za nyumbani kwenu tu. Haya, tusikilize."

Ukaanza. Ufunguo ukizunguka kitasani. Viatu vikivuliwa, kimoja, halafu kingine. Mlio wa maikrowevu. Nyayo zikipita karibu bila kusimama, kisha mlango ukifungwa. Mzee alikuwa amezipunguza kasi zikawa nzito kama ngoma, na zilipita tena na tena, kila mara mlango ukijifunga taratibu zaidi. Katikati, mara moja tu, kiti kilivutwa, kama cha mtu anayetaka kuinuka aseme neno. Hakikusikika tena.

Utunzi ukaisha.

"Ni kazi nzuri mno," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Sikio, huyo anayeingia ni nani?"

Mzee akaandika: "Ni mtu ninayekaa naye."

"Mmegombana?"

"Hapana," mzee akaandika. "Hatujawahi hata kununiana. Ananiuliza habari, namwambia nzuri. Basi."

"Itakuwa nyumba ya kupanga hiyo," mwanafunzi mmoja akadakia. "Kila mtu na hamsini zake."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Sikio, wewe mwambie tu. Mwambie akae nawe mezani, hata kwa muda mfupi."

"Anarudi amechoka. Nikimwambia ataona namlaumu."

"Basi mpe utunzi huu ausikilize. Mtu mwenye moyo hawezi kuusikia, kisha akaendelea vilevile."

Bomba lilidondosha maji ndani ya ndoo. Mzee aliandika neno, akalifuta, akaandika tena.

"Ameshausikia."

"Na hakujitambua?"

"Hapana."

Mwalimu akashusha pumzi, ikavuma masikioni mwa mzee kama mtu aliye karibu kabisa. "Pole sana, ndugu yangu," alisema. Mzee akaitikia kwa kichwa, mle bafuni, ingawa hakuna aliyemwona.

Darasa likafungwa. Akavuta maji ya choo, maana ilibidi, akanawa uso, akatoka kwenda kuandaa chakula. Alikuwa akiweka sahani ya pili mezani mlango wa chumba ulipofunguka, na mwanawe akatoka akijinyoosha mgongo.

"Baba, tumbo bado linakusumbua?"

"Limetulia. Umemaliza kufundisha?"

"Nimemaliza. Ila leo kuna mwanafunzi kanitia simanzi, anaishi na mtu asiyemsemesha," akasema huku akijipakulia, kisha akabeba sahani yake akaenda kula chumbani.