Chai ya Bibi Nakunda

Zamu ya sala ilipofika nyumbani kwa Bibi Nakunda, wanajumuiya wa kanisa walibaki nje ya lango wakaimbia huko huko. Mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba bibi huyo ni mchawi, na kwamba ndiye aliyemuua mtoto wa jirani. Elineema, mama yake Upendo, peke yake aliingia, akaketi mkekani karibu na mlango.

Bibi alimmiminia chai ya tangawizi. Chai kidogo ikamwagika kwenye kisahani.

"Mama Upendo, usiinywe hiyo," Zefania, mwenyekiti wa jumuiya, alimwambia kutoka barabarani. "Ukifa tusilaumiane."

Elineema alikishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno ya uchawi hata yeye alikuwa ameyasikia, na nyumbani alikuwa na watoto.

"Nikifa mtanizika," alijibu. "Ila kumpenda jirani nikiwa nimesimama barabarani, mimi siwezi."

Akainywa yote, mpaka majani ya chini. Kisha akamnyooshea bibi kikombe.

"Niongezee, mama."

Bibi Nakunda aliinua birika huku akilia. Nje, wimbo ulikatika katikati ya ubeti, na mtu mmoja akalisukuma lango.