Nyundo na Kiroboto

Kwa mara ya tatu, Nyundo akamkataa Kiroboto hadharani.

Nyundo aliamini hawajawahi kuonana. Hayo yalikuwa majina ya mtandaoni tu, na la Nyundo hata mkewe hakulijua. Alichojua ni kwamba mumewe ni mtu wa kompyuta. Nyundo ndiye aliyekuwa mlinzi wa ile sehemu ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta inayopeleka data kwenye diski, mradi wa watu wa mtandaoni. Bila idhini yake haipiti hata nukta.

Tatizo lilikuwa mafaili kufika diskini yamekatika mikia. Nyundo kahangaika nalo mwaka mzima, wapi. Mara kaja huyu Kiroboto, hajulikani katokea wapi, kasema: diski hii inataka data ianzie pale fungu linapoanza kwenye kumbukumbu, nyinyi mnaianzisha popote. Ni kama matofali. La kwanza likikaa upande, ukuta wote umekwenda. Akaleta na marekebisho yake, mistari michache tu.

Yalikuwa sahihi. Hapo ndipo palipouma. Watu walimsifu Kiroboto mpaka basi, na mkuu wa mradi akadokeza kwamba yakipita, ulinzi wa sehemu ile atapewa yeye. Wivu ukamshika Nyundo. Akaandika, kila mtu asome: "Dogo, rudi shule. Hapa ni kwa watu wazima."

Akaenda kula. Mezani alimwamkia mama mkwe wake macho chini, maana mbele ya mkwe huyu hata kukohoa aliomba radhi. Mama alikuwa mstaafu wa shirika la simu, kaja kutibiwa goti. Chakula hakukigusa, akaaga kwenda kupumzika. Mkewe naye akala harakaharaka, akaingia chumba cha cherehani na kufunga mlango.

Baadaye, akipita koridoni, Nyundo akaisikia sauti ya mkewe, laini, sauti ambayo yeye hajaipata siku nyingi.

"Usikate tamaa, Kiroboto wangu. Huyo Nyundo ana wivu tu."

Kicheko cha chinichini kikamjibu.

"Mume wangu tusimwambie kwanza," mkewe akaendelea, "mpaka ukubaliwe."

Nyundo akasogea mlangoni. Kumbe. Kazi yake haikumtosha, anataka na mke? Ndani ya nyumba yake, mchana kweupe? Maskini roho yake, hakujua kipi kinamuuma zaidi. Akakunja ngumi, akausukuma mlango kwa bega.

Mama mkwe akainua macho juu ya miwani, kompyuta mapajani.

"Karibu, baba," akasema. "Ngumi hiyo mwekee Nyundo. Hebu kaa hapa, unisaidie kumjibu."