Kitanda cha Mama

Godoro lilikuwa na joto.

Afisa wa viza aliweka kiganja juu ya shuka, akakiacha pale kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akamgeukia fundi cherehani, mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akiipindapinda futi yake ya kupimia.

"Hiki ndicho kitanda atakacholalia mama?"

"Ndicho, afisa."

"Kina joto."

Fundi akasema ni jua la dirishani. Afisa akatazama dirisha. Lilikuwa limebanana na ukuta wa jirani, na ukuta ule haukuwahi kuona jua tangu ujengwe.

"Au basi ni mimi, nilijilaza kidogo," fundi akaongeza. "Mtu huchoka."

 Wanaosubiri karatasi walimbandika afisa huyu jina la Koleo, kwa kuwa akikibana kitu hakiachii mpaka king'oke.

Fundi alikuwa amemwombea mama yake viza ya kuja kukaa naye. Mama alikuwa na kifua kibovu. Hospitali ya mji ule ingeweza kumtibu, ila haimgusi mgeni asiye na viza. Na Koleo alishamwonya pale ofisini, bila kupandisha sauti: "Hatumnyimi mtu kwa umaskini wake, dada. Tunamnyima kwa uongo. Uongo mmoja tu, na mama yako hatapata karatasi yetu mpaka anaingia kaburini."

Siku hiyohiyo alimuuliza habari za mama, apate kuamini kwamba ni mama kweli. Fundi akajisahau, akasimulia kwa raha zake. Mama ni mtu wa vitendawili, hajampa mtu mji tangu azaliwe. Watoto wakishindwa jibu na kutaka kutoa mji, yeye huacha chungu kikaungua jikoni akaja kujibu. Hata msibani aliwahi kujibu kutoka chumba cha pili, wafiwa wakacheka na machozi yao mashavuni. Koleo alicheka sana. Waliokuwa kwenye foleni walisema hawajapata kumwona akicheka, na fundi akarudi nyumbani mwepesi kama pamba.

Sasa Koleo aliingia chumba cha kazi. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na miwani minene. Akaijaribu, dunia ikamlegea, akaivua.

"Yako hii?"

"Ya mteja."

"Huyo mteja amefikaje kwake bila macho?"

Fundi akacheka peke yake. Halafu, ghafla, akakaa akakanyaga cherehani kwa nguvu. Ikanguruma, sindano ikipanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Koleo akangoja mpaka kelele ziishe.

"Hakuna kitambaa, fundi."

"Nimeitia mafuta asubuhi. Naizungusha yaingie."

Kwenye kona lilisimama kabati kubwa la mbao, limefungwa kwa ufunguo. Koleo akaligonga kwa kifundo cha kidole. Fundi akaeleza, haraka kidogo, kwamba mna gauni la bibi harusi, na mwenyewe ameapa lisionwe na mwanamume yeyote kabla ya siku yake. Koleo akasema naye ameoa, viapo vya gauni anavijua. Akaondoa mkono. 

Walirudi sebuleni. Koleo akafunga mkoba wake. Alisema chumba amekiona, kitanda amekiona, kazi ya mikono ameiona. Nyumba ni ndogo lakini safi, na yeye hana neno. Akifika ofisini anatia sahihi.  Fundi alimshukuru, akamwombea dua za kila namna, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Pale mlangoni Koleo aliinama kufunga kamba za viatu. Hakuwa na haraka. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtoto anayetaka mchezo.

"Mama yangu naye alikuwa mtu wa vitendawili," alisema. "Ngoja nikutegee kimoja, nione kama kweli wewe ni mtoto wa yule mama. Kitendawili."

"Tega," fundi akadakia upesi, kwa sauti kubwa kuliko haja.

Koleo naye akapaza yake. "Milango yote nimeifunga, mgeni kaingia."

 Fundi alimtazama machoni, ajue kama anacheza au anabana. Jibu alilijua tangu utotoni, alilala nalo na kuamka nalo, lakini siku ile lilimtoroka.

"Sijui, afisa."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Fundi akapata nafuu. Mji wa kitendawili hauna hati wala ushuru. Apewe, aende zake.

"Nakupa mji," alisema, mkono tayari kwenye komeo. "Chukua huuhuu tunaokaa."

Koleo hakuuchukua. Alisimama kimya, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayengoja chai yake ipoe.

Na kutoka ndani ya kabati ikaja sauti ya kizee, nzito kwa kifua, yenye kuudhika kabisa:

"Usimpe mji, mwanangu. Ni usingizi."