Waya wa Kioo

Saumu aliiwasha kompyuta kwa mara ya saba. Ilinguruma, taa ya kijani ikawaka, lakini kioo kilibaki cheusi. Fomu yake ya chuo ilikuwa humo, na mwisho wa kuituma ni saa sita mchana.

“Usijisumbue,” shangazi yake, Bi Mashavu, alisema kutoka mkekani. “Waya nimeuchomoa mimi. Nyumba ya matanga haiwashwi televisheni.”

“Shangazi, hii si televisheni!”

“Kwani hicho kioo mimi sikioni?”

Zilibaki dakika kumi. Saumu alipiga magoti, akauvuta waya uliokuwa ukichungulia chini ya mto wa shangazi na kuuchomeka mbele ya waombolezaji wote. Kioo kikaanza kupata mwanga.

“Babu yako jana tu tumemzika! Waombe watu radhi.”

“Siombi,” alisema Saumu bila kugeuka.