Moshi wa Mama Mkwe

Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa nchi nzima, ikamtaka kila raia aripoti moshi kwa simu. Jina la mpigaji halikuandikwa popote. Mvua zilirudi Tabora, na watu wakaacha kutembeleana.

Nyamizi aliposikia harufu ya kuni kwenye shati la mumewe, Kapaya, alijua kuna mwanamke anampikia. Jumamosi akamfuata kimyakimya, akamkuta kwa mama mkwe, amepiga magoti anapuliza moto chini ya chungu cha maharage.

"Mama anaumwa, huu mwezi wa nane namuuguza, na chakula cha jiko la umeme hakimpiti kooni," Kapaya akasema kwa aibu. "Nisitiri, mke wangu."

Nyamizi akaketi, wakala wote watatu.

Siku ya pili, baada ya mtu kupiga simu, maofisa walimhamishia mama yule kwenye makao ya wazee, mbali na jiko lolote.

"Tulikuwa watatu tu," Kapaya akasema jioni wakila.

"Wallahi sikumwambia mtu!"

"Sijasema ni wewe."

Nyamizi akamtazama alivyokuwa akila kwa utulivu. Miezi minane Kapaya alikuwa amemuuguza mama yake peke yake, na leo, kwa mara ya kwanza, alionekana amepumzika.